UCHAMBUZI: Mwananchi ashinda kesi ya haki, kisha aanza kungoja

MKAZI wa Musanda, katika eneobunge la Mumias Magharibi, kaunti ya Kakamega, akikamatwa na kuwekwa seli siku nne bila kufikishwa mbele ya hakimu, anayo haki ya kuishtaki serikali. Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 haimung'unyi maneno kuhusu jambo hilo. Kifungu cha 49 kinasema mshukiwa afikishwe kortini kabla ya saa 24 kupita, nacho kifungu cha 22 kinampa kila mtu uwezo wa kwenda mahakamani akidai kwamba haki yake imekiukwa au inatishiwa.

Swali ni, aende mahakama gani?

Korti iliyo karibu naye ni ya hakimu, mjini Mumias. Huko anaweza kufungua kesi ya kawaida ya madai kwamba alizuiliwa kinyume cha sheria. Lakini akitaka mahakama itamke wazi kwamba Katiba imevunjwa, hakimu wa Mumias atamwambia hana mamlaka hayo. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 2015, katika kifungu cha 8, iliwaruhusu mahakimu kusikiliza madai kuhusu haki mbili tu kati ya zote zilizoorodheshwa katika Sura ya Nne ya Katiba: haki ya kutoteswa na haki ya kutotiwa utumwani. Uhuru wa kusema, faragha, afya, mkutano wa amani, saa 24 za mshukiwa, yote hayo ni ya Mahakama Kuu. Kwa hiyo mkazi huyo sharti apande matatu hadi mji wa Kakamega, atafute wakili, aapishwe kwenye hati ya kiapo, kisha arudi tena na tena kila kesi inapotajwa.

Hata hivyo, tusidharau hatua iliyopigwa. Wasomaji wenye umri wa kukumbuka mwaka 1989 watakumbuka jinsi Profesa Wangari Maathai alivyokwenda Mahakama Kuu kuzuia ujenzi wa jumba refu katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Kesi ilitupwa. Mahakama iliona kwamba hakuwa na haki ya kisheria ya kushtaki, kwa kuwa hakuonyesha madhara yaliyompata yeye binafsi kuliko mwananchi mwingine yeyote. Mwaka huo huo mahakama hiyo iliamua kwamba kifungu cha 84 cha Katiba ya zamani, ambacho ndicho kilichompa raia njia ya kudai haki zake, hakingeweza kutumika kwa sababu Jaji Mkuu hakuwa ameandika kanuni za kukitekeleza. Haki zilikuwepo kwenye karatasi, lakini mlango wa kuzifikia ulikuwa umefungwa, na aliyepaswa kutoa ufunguo hakuona haja ya kuharakisha.

Waandishi wa Katiba ya 2010 waliukumbuka mkasa huo. Kifungu cha 22 kinasema mtu anaweza kushtaki kwa niaba ya mwingine asiyeweza kujitetea, kwa niaba ya kundi, au kwa maslahi ya umma. Kinasema pia kwamba hakuna ada itakayotozwa kwa kufungua kesi ya aina hiyo. Mwaka 2013 Jaji Mkuu wa wakati huo, Dkt Willy Mutunga, alichapisha kanuni ambazo mawakili huziita kwa jina lake. Kanuni hizo zinairuhusu mahakama kupokea hata barua, au malalamishi ya mdomo, mradi yaonyeshe kwamba haki imevunjwa. Wazo hilo halikuwa geni. Nchini India, miaka ya 1980, majaji kama vile P. N. Bhagwati walianza kuzipokea barua za wafungwa na vibarua na kuzigeuza kuwa kesi.

Kanuni ni nzuri, ila barua ya mwanakijiji ikifika kortini hukutana na kigingi kingine. Tangu uamuzi wa mwaka 1979 katika kesi ya Anarita Karimi Njeru, mahakama zetu zimedai kwamba mlalamishi ataje kwa usahihi haki iliyokiukwa, kifungu kinachohusika na namna kilivyokiukwa. Mahakama ya Rufani ilikariri sharti hilo mwaka 2013 katika kesi ya Mumo Matemu. Mawakili wa serikali wanaifahamu kesi hiyo kama wanavyofahamu majina ya watoto wao. Matokeo ni kwamba mlango ambao Dkt Mutunga aliufungua kwa wasio na mawakili unapitika vizuri zaidi na wenye mawakili.

Mfano ulio karibu zaidi na Musanda, na ambao binafsi nauona kuwa mzito kuliko kesi nyingi zilizopewa kurasa za kwanza, ulitoka kaunti jirani ya Bungoma. Agosti 2013 mwanamke mja mzito alilazwa katika hospitali ya wilaya ya Bungoma. Miezi miwili kabla ya hapo, Juni 1, serikali ilikuwa imetangaza kwamba huduma za kujifungua zingekuwa bila malipo katika hospitali za umma. Akina mama walimiminika. Vitanda, wauguzi na dawa havikuongezwa kwa kiasi hicho. Mwanamke huyo aliagizwa anunue vifaa vyake mwenyewe. Uchungu ulipomzidi, alikwenda mwenyewe kwa miguu hadi chumba cha kujifungulia, akakuta kimejaa. Aliporejea alianguka kwenye ujia wa wodi, akazirai, na kujifungulia sakafuni. Alipozinduka alikuwa akipigwa makofi na kufokewa na wauguzi kwa kuchafua sakafu. Mtu mmoja aliyekuwepo alirekodi tukio hilo kwa simu, na nchi nzima ikaona.

Kwa kawaida mambo ya namna hiyo huishia kwenye minong'ono ya mtaani na lawama za siku mbili redioni. Safari hii, kwa msaada wa wanasheria wa haki za uzazi, mama huyo aliwasilisha ombi mwaka 2014 katika Mahakama Kuu ya Bungoma dhidi ya Mwanasheria Mkuu, wizara ya afya, serikali ya kaunti na hospitali. Machi 2018 Jaji Abida Ali-Aroni aliamua kwamba haki yake ya afya na ya kuheshimiwa utu wake ilikiukwa, na kwamba alitendewa ukatili. Alitunukiwa fidia ya Sh2.5 milioni, na wahusika wakaagizwa wamwombe radhi.

Uzito wa uamuzi huo haumo katika pesa hizo. Umo katika hoja ya jaji kwamba serikali haiwezi kutangaza huduma ya bure jukwaani kisha ikose kuitengea fedha na kuisimamia, na kwamba kosa la wauguzi wawili halizifichi serikali mbili zilizo nyuma yao. Hoja hiyo inaihusu kila kaunti iliyopokea hospitali baada ya ugatuzi, Kakamega ikiwemo. Sijui ni madiwani wangapi waliowahi kuisoma hukumu hiyo kabla ya kupitisha bajeti ya afya.

Kuna kesi nyingine ya ukanda huu inayostahili kutajwa. Mwaka 2010 korti ya Kapsabet iliagiza wanaume wawili wafungiwe gerezani hadi miezi minane kwa sababu walikatiza dawa za kifua kikuu. Hakimu alitumia Sheria ya Afya ya Umma iliyorithiwa kutoka kwa mkoloni. Wagonjwa wa maradhi yanayoambukiza kwa hewa wakatiwa katika seli zilizosongamana, eti kwa ajili ya kulinda afya ya umma! Walitolewa baada ya wiki kadhaa kufuatia rufaa ya haraka, lakini kesi iliendelea, na Machi 2016 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kwamba kuwafunga wagonjwa gerezani kwa kosa hilo ni kinyume cha Katiba. Serikali iliagizwa iandae sera ya kuwatenga wagonjwa mahali pa matibabu, si jela.

Kesi kama hizo zimeng'oa vipande vingi vya sheria za kale. Februari 2017 Jaji John Mativo alifuta kosa la jinai la kumharibia mtu jina. Aprili mwaka huo huo Jaji Chacha Mwita akafuta kifungu cha 132 cha Kanuni ya Adhabu, kuhusu kudunisha mamlaka ya afisa wa umma. Aliyekifikisha kortini ni mwanablogu Robert Alai, aliyeshtakiwa Disemba 2014 kwa ujumbe wa Twitter kumhusu Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta. Mjini, kesi hiyo ilionekana kuwa ya mwanablogu na Rais. Mashambani maana yake ni pana zaidi, kwa sababu "afisa wa umma" ni chifu, naibu wake, afisa wa polisi na karani wa kaunti. Anayesimama barazani kuuliza mbolea ya ruzuku ilipotelea wapi hapaswi tena kuogopa kwamba swali lenyewe ni jinai. Machi 2024 Mahakama Kuu ya Nakuru ilikiondoa pia kifungu cha 77, kuhusu vitendo vya uasi.

Sheria mbaya, hata hivyo, ni kama magugu. Ukiling'oa hapa, linachipuka pale. Mwaka 2016 Jaji Mumbi Ngugi alifuta kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kilichotumiwa kuwashtaki walioandika mtandaoni. Miaka miwili baadaye, Bunge lilipitisha Sheria ya Uhalifu wa Mitandaoni yenye makosa ya kuchapisha habari za uongo. Juni 7, 2025 mwalimu na mwanablogu Albert Ojwang alikamatwa nyumbani kwa baba yake, kaunti ya Homa Bay, kwa tuhuma za kuchapisha mambo ya uongo kumhusu afisa mkuu wa polisi. Alisafirishwa mamia ya kilomita hadi Nairobi, akatiwa katika kituo cha polisi cha Central, na siku iliyofuata alikuwa maiti. Polisi walidai kwanza kwamba alijigonga ukutani. Upasuaji wa maiti ulionyesha majeraha ya kichwa, shingo iliyobanwa na alama za kupigwa.

Hapo ndipo tunapoona udhaifu wa hukumu za karatasi. Hata kama sheria iliyotumiwa ingekuwa halali, hakuna sheria ya Kenya iliyowaruhusu polisi kufanya walichofanya usiku ule. Kifungu cha 49 kilikuwepo. Kifungu cha 25, kinachosema kutoteswa ni haki isiyoweza kupunguzwa kwa vyovyote, kilikuwepo. Kesi za mateso za miaka iliyotangulia zilikuwa zimejaza maktaba za mawakili.

Chukua pia hizo saa 24. Katiba inasema zikiisha nje ya saa za kazi za korti, au siku isiyo ya korti, mshukiwa afikishwe siku ya korti inayofuata. Nia ilikuwa kuwapa polisi nafuu ndogo. Ikageuzwa kuwa mtego. Mtu anakamatwa Ijumaa jioni, korti zimefungwa, naye analala seli hadi Jumatatu bila sheria kuvunjwa, angalau kwa herufi zake. Wakenya wamezipa kamatakamata za Ijumaa jina lake kamili, na kila mmoja anaelewa kinachokusudiwa. Kwa mwenye wakili, ni usumbufu wa siku mbili. Kwa mwendeshaji bodaboda wa Mumias ni nafasi ya kuombwa "kitu kidogo" ili asikose kazi mwisho wa wiki.

Zamani mahakama zilikuwa na dawa kali. Mwaka 2006, katika kesi ya Albanus Mwasia Mutua, Mahakama ya Rufani ilimwachilia mshtakiwa kwa sababu polisi walimzuilia kupita muda wa kikatiba bila maelezo. Polisi walishtuka, na umma pia ulishtuka, kwa kuwa washukiwa wa makosa mazito walianza kutoka. Mwaka 2010 mahakama hiyo hiyo ikabadili mkondo katika kesi ya Julius Kamau Mbugua na kusema dawa ya kuzuiliwa kupita kiasi ni kudai fidia. Mabadiliko hayo yanaeleweka, maana si haki familia ya aliyeuawa iadhibiwe kwa uzembe wa polisi. Lakini tangu hapo polisi hawapotezi kesi kwa sababu ya kuchelewa. Anayepoteza ni Hazina ya Kitaifa, na hata yenyewe hupoteza kwa mwendo wa kobe.

Kwa hakika, suala la malipo ndilo kiini cha yote. Anayemshinda jirani yake kortini anaweza kutuma madalali wachukue ng'ombe. Anayeishinda serikali hawezi. Kwa miongo mingi Sheria ya Mashtaka dhidi ya Serikali imekataza mali ya serikali isishikwe, na ingawa ukuta huo umekuwa ukipigwa kortini miaka ya karibuni, njia ya kawaida imebaki ndefu. Mshindi huchukua cheti cha agizo, humpelekea afisa mhasibu wa wizara, hungoja, kisha hufungua kesi nyingine ya kumshurutisha katibu alipe. Asipolipa, inakuja ya tatu, ya kudharau mahakama. Julai 2010 Jaji Hannah Okwengu aliamuru walipwe watu 21 walioteswa na serikali, wengi wao katika vyumba vya chini vya jumba la Nyayo. Kesi nyingi za aina hiyo zilifuata, na walioshinda wamelalamika miaka nenda miaka rudi kwamba hawajaona senti.

Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliodhurika kwa madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, walitunukiwa Sh1.3 bilioni Julai 2020. Mahakama ya Rufani ilizifuta mwaka 2023. Mahakama ya Juu ikazirejesha Disemba 2024. Ukihesabu tangu ombi lilipowasilishwa, ni takriban miaka minane, na kuna wagonjwa ambao hawakuufikia mwisho.

Somo jingine lilitoka Disemba 10, 2020, Jaji Weldon Korir alipotoa hukumu kuhusu dhuluma za kingono zilizotendwa baada ya uchaguzi wa 2007. Walalamishi walikuwa wanane, wanawake sita na wanaume wawili, nao walikuwa wamengoja tangu 2013. Wanne walitunukiwa Sh4 milioni kila mmoja. Wanne wengine hawakupata kitu. Tofauti kubwa kati yao ilikuwa kwamba mahakama iliona serikali haiwezi kulaumiwa kwa kutochunguza kisa ambacho hakikuripotiwa kwake. Wakati ule wa machafuko, wengi waliwaogopa polisi kama walivyowaogopa majambazi. Ni uamuzi mgumu kuukubali, ila una funzo la kivitendo: mwananchi aliyedhulumiwa asitoke kituoni bila kisa chake kuandikwa katika kitabu cha matukio na kupewa nambari yake.

Na amri isiyohusu pesa je? Agosti 2024 watu watatu walitekwa Kitengela baada ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha. Chama cha Wanasheria kilikwenda kortini kutaka waletwe, wazima au maiti. Jaji Lawrence Mugambi alimwita Kaimu Inspekta Jenerali Gilbert Masengeli mara kadhaa bila yeye kufika. Septemba 13 akamhukumu kifungo cha miezi sita kwa kudharau mahakama, na kumpa siku saba za kujisalimisha. Jaji Mkuu Martha Koome alilazimika kulalamika hadharani kwamba walinzi wa jaji huyo walikuwa wameondolewa. Ndani ya siku hizo saba watatu hao waliachiliwa wakiwa hai. Bw Masengeli alifika kortini, akaomba radhi, na adhabu ikafutwa.

Wapo waliosema mahakama ililegea. Mimi nasema kesi hiyo ilirejesha watu watatu makwao, jambo ambalo maandamano, hotuba za wabunge na vichwa vya habari havikuweza kufanya. Iliwezekana kwa sababu wanasheria walikuwa Nairobi, jaji alikuwa Nairobi, na kamera zilikuwa Nairobi. Angetekwa mkulima wa miwa wa Musanda, ambaye tangu kiwanda cha Mumias kiwekwe chini ya mrasimu Septemba 2019 hana hata nauli ya uhakika, nani angelifungua ombi hilo siku ya pili?

Marekani, shirika la ACLU lililoanzishwa mwaka 1920 lina tawi katika kila jimbo, ndiyo maana mkazi wa mji mdogo hupata mtu wa kumshtakia gavana wake. Mashirika yetu mengi ya haki yana makao Nairobi na Mombasa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 ilikusudiwa kuziba pengo hilo, na hata iliwatambua wasaidizi wa kisheria wa mashinani. Bila bajeti ya kutosha, sheria hiyo imebaki kama jembe lisilo mpini.

Wanaotetea mpango uliopo wana hoja yao. Wanasema kesi za Katiba ni ngumu, na kuwaachia mamia ya mahakimu kutaleta maamuzi yanayogongana. Hofu hiyo ingekuwa na maana kama tungewataka mahakimu wafute sheria za Bunge. Hakuna anayeomba hivyo. Kuamua kama mtu alizuiliwa siku nne badala ya moja, au kama maiti na wagonjwa walishikiliwa hospitalini kwa sababu ya deni, si falsafa. Ni swali la ushahidi, na hakimu husikiliza magumu kuliko hayo kila Jumatatu asubuhi. Kuhusu wagonjwa, Mahakama Kuu ilishaweka msingi Septemba 2015 katika kesi ya akina mama waliofungiwa Pumwani. Kilichobaki ni kuutumia.

Kifungu cha 23 cha Katiba kiliagiza Bunge litunge sheria ya kuzipa korti za chini mamlaka hayo katika kesi zinazofaa. Bunge lilijibu mwaka 2015 kwa kutoa haki mbili na kunyamaza. Kurekebisha kifungu cha 8 cha sheria ile hakuhitaji kura ya maoni wala jengo jipya, kwa kuwa korti ya Mumias ipo na hakimu yupo. Panahitajika mbunge mmoja wa kuwasilisha mswada, na eneo la Mumias linao wabunge wake.